Nyumba Ndogo ya Mawe Pito

Katika maadhimisho haya ya hekalu letu, tumeombwa kueleza habari za nyumba ndogo ya mawe tuliyoinunua Pito, karibu na katikati ya kijiji. Watu wameuliza mfanyabiashara wa Sumbawanga mjini ana haja gani na nyumba kuukuu ya vyumba viwili. Jibu limo katika historia yetu.

Wazee wetu walipotoka Gujarati na kufungua maduka katika miji midogo ya bara, wengi walianza kwa kupanga. Waliofanikiwa walijenga majengo ya kupangisha. Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na Aprili 1971 ikapitishwa Sheria ya Kutwaa Majengo. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi yalitwaliwa na Serikali, na yaliyozidi umri wa miaka 10 hayakulipiwa fidia. Nia ilikuwa kukomesha unyonyaji wa kodi ya nyumba. Sheria haikutaja asili ya mtu, lakini wengi walioguswa walikuwa Waasia.

Baadhi ya jamaa zetu walihama. Waliofika Leicester, Uingereza, walinunua nyumba kuukuu za matofali zilizojengwa zama za Malkia Victoria, wakazifanya maskani. Marehemu baba yetu alibaki. Yeye alikuwa mpangaji, hakupoteza jengo. Hata hivyo alituusia tuweke mali katika bidhaa, tusiiweke katika kuta. Wosia huo tuliushika miaka mingi.

Nyumba ya Pito ilipotangazwa kuuzwa, tulijifunza kwanza kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Mnunuzi hupata jengo na haki ya kuitumia ardhi, hapati udongo wenyewe. Aidha, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, huipa halmashauri ya kijiji mamlaka katika mambo hayo. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha tuliwaomba majirani watembee nasi mipakani. Walituonyesha njia ya watoto inayokatiza uani. Tukakubali ibaki wazi.

Ndipo mzee mmoja akauliza: "Bwana, mtakaa nasi, au mtafunga mlango na kuondoka?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko bei. Tulinyamaza kidogo, tukamkumbuka baba, kisha tukajibu: "Mzee wetu, tutakaa."

Kuta zilijengwa kwa mawe na udongo. Mtu wa awali alikuwa amezipiga lipu ya saruji, nayo ilifungia unyevu wa masika ndani hata mawe ya chini yakalegea. Fundi wa hapo hapo Pito aliibandua, akazipanga upya sehemu zilizolegea, akapaka chokaa ili ukuta upate kupumua. Kipupwe kilipofika na upepo wa Ufipa kuvuma, ndani palikuwa na joto la kutosha.

Siku ya kuingia tulimwomba Ganesha, tukavunja nazi, tukachemsha maziwa mpaka yakafurika chunguni kama desturi yetu ilivyo. Majirani walikuja, wakala nasi. Yule mzee aliketi kizingitini, akatazama watoto wakipita uani.

Hatumlaumu baba, alisema kwa uchungu wa wakati wake. Ila wajukuu wake tumewapa wosia mwingine: wamjibu mzee yule kila mwaka, kwa kuuacha mlango wazi.