"Magonjwa ya wazungu": historia ya moyo kando ya Barabara ya Morogoro

Kaa kwenye baraza lolote Kisarawe au Kibaha, sema fulani kafariki kwa mshtuko wa moyo. Hutakosa mzee wa kukujibu: "Zamani hayo hatukuwa nayo, ni magonjwa ya wazungu." Msomaji, usimcheke. Nusu ya maneno yake ni kweli. Nusu nyingine inaua watu.

Tuanze na ile ya kweli. Miaka ya 1960 nchi za Nordic zilijenga Kibaha shule ya sekondari, chuo cha wakulima na kituo cha afya, mradi uliokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Taifa lilikuwa limetangaza vita na ujinga, maradhi na umaskini. Ukisema "maradhi" wakati ule, watu walifikiria malaria na kifua kikuu. Nani angewaza mishipa midogo inayoupelekea moyo damu yake wenyewe?

Na madaktari waliona hivyohivyo. Mwaka 1959 Shaper na Jones walichapisha utafiti wao wa Kampala. Wahindi wa mji ule walikuwa na kolestero ya juu na ugonjwa huu uliwasumbua sana, lakini kwa Waafrika ulikuwa karibu haupo. Mji mmoja, mioyo tofauti. Ni rahisi kusema basi, ni damu, ni asili.

Ila subiri. Miaka hiyohiyo Mmarekani George Mann alikuja Tanganyika kuwapima Wamasai, watu wa maziwa na nyama. Kolestero yao ilikuwa chini, na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa adimu. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha walichokiona kwenye miili ya Wamasai 50 waliofariki: mafuta yalikuwa yameganda kwenye kuta za mishipa! Ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikapita. Mann alidhani ni kazi ya miguu, maana watu hawa walitembea kutwa.

Wazo hilo lilikuwa na ndugu yake London. Mwaka 1953 Jerry Morris alilinganisha madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa. Kampuni moja, basi moja. Konda aliyepanda na kushuka ngazi siku nzima aliugua moyo kidogo kuliko dereva aliyekaa. Ukipanda daladala ya Kibaha, mwangalie dereva, kisha mwangalie konda.

Sasa turudi barabarani kwetu. Miaka mingi baadaye watafiti waliwafuatilia vijana na watu wazima waliohama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, njia inayopita Kibaha. Ndani ya mwaka mmoja uzito wao ulipanda kwa wastani wa zaidi ya kilo 2, na waliokuwa wakifanya kazi za nguvu wakapungua sana. Mji haukuwa na ubaya mtupu, kwani matunda na mboga walikula zaidi. Lakini ona: damu ni ileile, kilichobadilika ni namna siku yao inavyokwenda.

Kwa hiyo mzee wetu alikingwa na jembe, mguu, mihogo na kisamvu. Ngozi haikumkinga. Mjukuu wake anayekwenda dukani kwa bodaboda hakurithi kinga yoyote. Ndiyo maana leo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, inazibua mishipa ya moyo ya Watanzania.

Na hiyo nusu inayoua? Ukiamini ugonjwa si wako, maumivu ya kifua utayaita chembe, gesi au vidonda vya tumbo, utakunywa dawa ya kiungulia na kulala. Kifua kikibana kama kimewekewa mzigo, maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, jasho jembamba likatoka, pumzi ikakata: usisubiri asubuhi, nenda hospitali.

Kabla ya kufika huko, pima presha na sukari hata kama huumwi. Acha sigara. Punguza chumvi na mafuta ya kukaangia. Na safari ya dukani, tembea. Babu hakuita mazoezi, aliita kwenda shamba.