Umri wa Mbu

Kwa mtu wa Kibaoni, kule Ifakara, kuuliza mbu ana siku ngapi si wazimu. Vimelea vya malaria huhitaji kama siku 10 hadi 14 ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza, na wengi hufa kabla ya hapo. Wauaji ni vikongwe. Ukitaka kujua kama chandarua kinafanya kazi, hesabu vikongwe.

Sisi wapasuaji wa mbu tulihesabu kwa kupasua. Unavuta ncha ya tumbo kwa sindano, ovari zinatoka kwenye tone la maji, unaziacha zikauke, kisha unaziangalia kwa hadubini. Vijimirija vya hewa vikiwa vimejikunja, hajataga, vikinyooka, ameshataga. Ni njia ya Detinova, Mrusi ambaye kitabu chake kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1962. Kule Muheza, Gillies na Wilkes walikwenda mbali zaidi: walihesabu vinundu vinavyobaki kwenye ovari kila mbu akitaga, wakachapisha matokeo mwaka 1965. Wageni waliiita kazi ya macho. Waulize wapasuaji habari za mgongo!

Mwaka 2009 Valeliana Mayagaya wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake walionyesha kwamba mwanga wa infraredi unaweza kukadiria umri bila kisu. Baadaye, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, ikaja infraredi ya kati: mbu mkavu anabanwa juu ya kialmasi, mwanga unagusa ngozi yake, na kompyuta inachora mstari wa milima na mabonde.

Mstari huo hausemi umri. Lazima itafutwe fomula inayoulinganisha na siku, na mawimbi ni mengi mno kuyachagua kwa mkono. Wakemia walikwishakutana na tatizo hilo. Mwaka 1992 Leardi wa Italia alitumia algoridhimu za kijenetiki, wazo lililoenezwa na kitabu cha John Holland cha 1975: makundi ya vipimo yanashindanishwa, yaliyofaa yanazalishwa, watoto wanabadilishwa kidogo, vizazi kwa vizazi. Ifakara walitumia zaidi njia nyingine za kuifundisha mashine, lakini mtego ni uleule: fomula iliyozoea mbu wa kizimbani humkosea mbu wa majaruba ya Lupiro.

Ndiyo maana kazi ya Doreen Siria na wenzake ya 2022 ilitumia mbu zaidi ya 40,000, wa koo na mazingira tofauti, wa Tanzania na Burkina Faso. Hapo ndipo nilipoanza kuiamini mashine.