Mita 60 za Mto Mara

Mto Mara huanzia Mau, Kenya, na hupita kati ya wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kufika Ziwa Victoria. Ukiona shamba la nyanya kando yake, usidhani mwenyewe amemaliza shida ya maji.

Sheria Na. 42 ya 1974 ilitamka kuwa maji yote ni mali ya Jamhuri. Kumiliki shamba, basi, si kumiliki mto. Aliyetaka maji aliomba "haki ya kutumia maji". Sheria ya 2009 ikaigeuza haki hiyo kuwa "kibali". Katikati, 2004, sheria ya mazingira ilikuwa imeshakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Mita hizo ndizo zinazoamua nani alime nini. Mwenye pampu na mpira husogea nyuma ya mpaka, akapanda mboga hata kiangazi. Mwenye ndoo, kila mita kwake ni safari: atang'ang'ania ukingoni kwa hofu, au atapanda muhogo na kungoja mvua.

Mto lazima ulindwe. Lakini mita 60 za mwenye pampu si mita 60 za mwenye ndoo.