Mguu ufaao wa cherehani katika ushonaji wa mifarishi

Mfarishi ni tandiko la kitanda lenye matabaka matatu: kitambaa cha juu, ambacho aghalabu huundwa kwa vipande vingi vilivyounganishwa, pamba au poliesta iliyotandazwa katikati, na kitambaa cha chini. Matabaka hayo hushikamanishwa kwa mishono inayopenya yote matatu. Ni katika hatua hiyo ambapo kazi ya majuma kadhaa huweza kuharibika kwa saa moja, na mara nyingi ila haiko mikononi mwa fundi. Iko katika kile kichuma kidogo kinachobana kitambaa chini ya sindano, yaani mguu wa cherehani.

Mguu wa kawaida hukandamiza tu. Meno yaliyo chini yake ndiyo huvuta kitambaa, nayo hugusa tabaka la chini pekee. La juu hufuata kwa kuburutwa. Vitambaa viwili vyembamba vya pamba havidhuriki. Lakini pakiwekwa pamba katikati, tabaka la chini hutangulia, nalo la juu huchelewa na kujikusanya mbele ya mguu, upande alioketi mshonaji. Mistari miwili inapokutana, mkunjo huo hushonewa papo hapo, na dawa yake ni kufumua.

Mguu unaotatua tatizo hilo ni ule unaotembea. Ni mkubwa kuliko mingine, una meno yake yenyewe kwa chini, na ubavuni una mkono mdogo unaokaa juu ya skrubu ya kukazia sindano. Sindano ikipanda na kushuka, mkono huo huyaendesha meno ya juu yaende sambamba na yale ya chini, na matabaka yote husonga pamoja. Hufaa kwa mistari iliyonyooka na iliyopinda kidogo. Mshono wa milimita 2.5 hadi 3.5 hupendeza zaidi kuliko ule mfupi wa nguo, na mwendo uwe wa polepole. Haukuundwa kwa kushona kurudi nyuma, jambo ambalo mafundi waliozoea kufunga mshono kwa njia hiyo husahau upesi.

Anayetaka kuchora maua au mawimbi hahitaji mguu huo. Kwake ufaao ni mguu wa kudarizi, wenye springi na tundu pana la mviringo au lenye uwazi mbele. Meno ya cherehani hushushwa au kufunikwa, na mikono ndiyo huongoza kitambaa kila upande. Urefu wa mshono basi hutegemea uwiano wa kasi ya mikono na ya mashine. Ustadi huo haupatikani siku ya kwanza.

Kabla ya yote hayo kuna kazi ya kuunganisha vipande. Michoro mingi ya mifarishi, hasa itokayo Marekani, huacha ukingo wa robo inchi, yaani takriban milimita 6. Kuna mguu ulioundwa kwa kipimo hicho. Wapo wanaoudharau, lakini hesabu inautetea: mshono ukizidi kwa milimita 1 tu, hula milimita 2, moja kutoka kila kipande. Safu ya vipande 20 ina mishono 19. Mwishoni itakuwa imepungua milimita 38, na haitalingana na safu jirani. Wenye mashine za zigizaga waangalie: mguu wa aina hii wenye tundu moja dogo huvunja sindano mshono ukiachwa upande wa zigizaga.

Kununua nako kuna mtego wake. Mguu hufungwa kwenye nguzo ya cherehani, na nguzo hizo hutofautiana kwa kimo. Teremsha mguu, kisha pima kutoka chini yake hadi katikati ya skrubu inayoushikilia. Robo tatu ya inchi ni nguzo fupi. Inchi moja na robo ni nguzo ndefu. Zipo pia Singer kadhaa za zamani zenye nguzo iliyoinama, ambazo zina miguu yake pekee. Cherehani nyeusi za kukanyaga zilizoenea Afrika Mashariki kwa kawaida zina nguzo fupi, hivyo miguu mingi ya mashine za nyumbani huzikaa. Hata hivyo, kwa mguu unaotembea, tazama kwanza kama skrubu ya sindano imejitokeza vya kutosha na kwa upande unaofikiwa na ule mkono. Lililo salama ni kwenda dukani na mguu wa zamani mfukoni.

Mguu mzuri hauondoi haja ya kupiga bandi au kutia pini katika matabaka yote kabla ya kushona, kuanzia katikati kwenda pembezoni. Mashine ikiwa na skrubu ya kupunguza mkandamizo, ilegezwe kidogo. Kisha jaribu kwenye mabaki ya vitambaa vilevile, pamwe na pamba ileile, kwa mistari miwili inayokatana. Pasipokuwa na mkunjo kwenye makutano, mfarishi wenyewe waweza kuwekwa chini ya sindano.