Stereoskopu na albamu za kale, hazina ya makavazi

KABLA ya sinema na runinga, watu wa karne ya 19 walikuwa na chombo kilichowawezesha kutazama milima na majumba ya mbali kana kwamba wako papo hapo. Chombo hicho ni stereoskopu.

Kila jicho la binadamu huona kitu kutoka upande wake, kisha ubongo huunganisha taswira hizo mbili. Stereoskopu huiga hali hiyo kwa kulionyesha kila jicho picha yake.

Charles Wheatstone wa Uingereza alieleza jambo hilo mnamo 1838, akitumia vioo viwili na michoro. Mnamo 1849, David Brewster wa Scotland alibuni aina ndogo yenye lenzi, nayo ikamvutia Malkia Victoria katika maonyesho ya London ya 1851.

Mnamo 1861, Oliver Wendell Holmes wa Marekani alibuni stereoskopu ya kushikwa mkononi. Hakuiwekea hataza, hivyo watengenezaji wengi waliiunda na kuiuza kwa bei nafuu.

Wakati huohuo albamu zilikuwa zikienea. Mfaransa André Disdéri alipata hataza ya picha ndogo za kadi mnamo 1854, na familia zikaanza kuzichopeka katika kurasa nene zilizotobolewa nafasi maalumu.

Afrika Mashariki nayo imo katika hazina hii. Mnamo 2002, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kilipata mkusanyo wa Humphrey Winterton, wenye albamu na picha zaidi ya 7,000 za eneo hili, zilizopigwa kati ya 1860 na 1960.

Vitu hivi ni rahisi kuharibika. Picha nyingi za enzi hiyo zilichapishwa kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai na chumvi za fedha. Mwanga na unyevu huzifanya zififie na kuwa manjano, ndiyo maana makavazi huzionyesha katika mwanga hafifu.

Hasara kubwa zaidi hutokea albamu inapovunjwa ili picha ziuzwe mojamoja. Maandishi ya mwenyewe yakitengana na picha, aliyepigwa hubaki sura isiyo na jina. Vivyo hivyo, kadi ya stereoskopu ikikatwa nusu haiwezi tena kuonyesha kina.

Kwa sababu hiyo, familia zenye albamu za zamani hushauriwa kuziacha zilivyo, kuziweka mahali pakavu pasipo jua, na kuandika majina kwa penseli wazee wanaowajua waliomo wakiwa bado hai.