Rubani Aliyepita Juu ya Unguja

Jioni ya tarehe 20 Februari 1962 ilikuwa ya Ramadhani, na Unguja watu walikuwa wakingoja adhana ya Magharibi wafuturu. Saa kumi na mbili na dakika kadhaa, zaidi ya kilomita 200 juu yao, mwanaanga wa Marekani John Glenn alikuwa amefungwa mikanda ndani ya chombo chake, Friendship 7, akivuta kamba ya mpira ili moyo umwende mbio. Waliokuwa wakimpima shinikizo la damu walikuwa kisiwani humo, Tunguu.

Glenn hakuwa mwanasayansi. Alikuwa luteni kanali wa kikosi cha Marine, aliyekwenda vitani angani mara 59 katika Pasifiki na mara 90 Korea, ambako alitungua ndege tatu za MiG. Julai 1957 alirusha ndege ya kivita kutoka California hadi New York kwa saa 3 na dakika 23. Rais Eisenhower alikuwa ameagiza wanaanga wachaguliwe miongoni mwa marubani wa kijeshi wa majaribio, yaani watu waliozoea kupanda mashine ambayo hakuna anayejua kama itarudi. Wasovieti nao walichota kisima hichohicho: Yuri Gagarin, aliyeizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961 katika safari ya dakika 108, alikuwa luteni wa jeshi la anga.

Lakini rubani wa anga za juu hafiki popote bila watu wa chini. Redio ya chombo ilisikika kwa dakika chache tu kabla hakijazama upande wa pili wa upeo, kwa hiyo Wamarekani walipanga vituo 18 kuizunguka dunia, viwili vikiwa melini. Baada ya Kano, Nigeria, zamu ilikuwa ya Unguja.

Mkataba wa kituo hicho ulikuwa kati ya Marekani na Uingereza, mwaka 1960. Wazanzibari walikipata kama watu wa Nachingwea walivyoupata mpango wa Waingereza wa kulima karanga miaka ya 1940: uamuzi ulitoka mbali, mitambo ikafuata. Hizbu, chama ambacho Abdulrahman Babu alikuwa katibu wake mkuu, kiliongoza upinzani. Wengi waliamini ni kambi ya makombora. Haikuwa hivyo. Hata hivyo hofu yao siioni kuwa ya kijinga, kwa sababu roketi ya Atlas iliyomrusha Glenn ilibuniwa kwanza kubeba bomu la nyuklia.

Glenn alizunguka mara tatu, saa 4 na dakika 55, akateremka salama Atlantiki ingawa ishara moja ilikuwa imeonya kwamba ngao ya joto imelegea.

Mapinduzi yalipotokea Zanzibar tarehe 12 Januari 1964, Wamarekani waliondolewa kwa manowari siku iliyofuata. Serikali mpya ya Rais Abeid Karume ilitaka kituo kiondoke, na kufikia Aprili kilikuwa kimefungwa; kazi yake ikahamia Madagaska. Glenn aliingia siasa, akawa seneta wa Ohio, na Oktoba 1998 akaruka tena akiwa na miaka 77. Safari hiyo sauti yake ilipitia setilaiti za mawasiliano, na hapakuwa na haja ya kuomba kiwanja kisiwani kwa mtu.