Kaburi la Kabaka Mwanga

Vijana wanaohiji Uganda kila tarehe 3 Juni huelekea Namugongo, mahali walipochomwa Karoli Lwanga na wenzake mwaka 1886. Ni wachache wanaofika Kasubi, kilima kilichomo mjini Kampala, alikozikwa mfalme aliyeamuru wauawe.

Kasubi ilikuwa jumba la Kabaka Muteesa wa Kwanza tangu mwaka 1882. Alizikwa humo, na baada yake Mwanga wa Pili, Daudi Chwa na Edward Muteesa. Nyumba kuu ni ya mviringo, imeezekwa nyasi, na pete 52 za paa lake huwakilisha koo 52 za Buganda. Mgeni huvua viatu na kuketi mkekani. Mbele yake, pazia la nguo ya gome la mti hukinga sehemu iitwayo msitu. Kwa maana Waganda husema Kabaka hafi, bali huingia msituni. Kuvua viatu hapo si kuabudu. Ni kuheshimu nyumba ya wenyewe.

Tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza nyumba hiyo, ila makaburi yalinusurika. Mafundi waliijenga upya kwa ujuzi wa mababu. Japani, ambako hekalu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, ilisaidia kupitia UNESCO.

Mwanga alitawazwa mwaka 1884, kijana wa miaka 16 hivi, akiogopa kunyang'anywa nchi na wageni. Hofu hiyo haifuti damu aliyoimwaga. Mwaka 1888 alipinduliwa. Ndipo Wakristo walipopigana ili kumrudisha kitini. Honorat Nyonyintono, Mkatoliki aliyekatwa viungo kwa amri ya Mwanga, aliongoza majeshi yao, akafa vitani mwaka 1889. Tusiseme kwamba wote walisukumwa na msamaha tu. Tamaa ya madaraka nayo ilikuwamo. Baadaye Mwanga aliwaasi Waingereza, akahamishiwa Shelisheli. Huko alibatizwa, akaitwa Danieli, akafa mwaka 1903. Mwaka 1910 mabaki yake yalirudishwa Kasubi.

Wapendwa vijana, hapa Goma wapo wanaowajua kwa majina waliowaua ndugu zao. Kikundi chenu kijiulize: tukifika Namugongo kuwaombea wanaoteswa, je, tuko tayari kwenda pia Kasubi, kumwombea mtesaji?